Mama Hesabu Anajibu: Kabla ya Kuingia, Uliza Utatokaje

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kwa watu walio kazini ugenini, na ukiziweka pamoja zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: pesa niliyoweka mahali fulani naitoaje? Wachache sana wameuliza hivyo kabla ya kusaini. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa mishahara katika kampuni ya ujenzi huko Ghuba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga hesabu za mwisho za wanaoondoka. Ndiyo maana nina tabia ya kuanzia mlangoni: pesa itatoka lini, kwa sarafu gani, na nani atakata nini njiani. Asiyependa tabia hiyo aruke ukurasa.

*Shikamoo Mama Hesabu. Mimi ni nesi, niko Doha. Miaka minne iliyopita mshauri wa fedha alikuja hospitalini kwetu saa ya mapumziko, akatuonyesha michoro yenye mistari inayopanda tu, nikasaini mpango wa akiba wa miaka 25 kwa dola 200 kila mwezi. Juzi nilitaka kutoa pesa kidogo. Kwenye tovuti yao thamani ya mpango wangu ni dola 9,100, lakini wanasema nikiuvunja leo nitapewa 5,300. Nimeshalipa 9,600! Mshauri mwenyewe hapokei simu tena. Niendelee au niache?*
*Nesi wa zamu ya usiku*

Marahaba mwanangu. Tuanze na kitendawili cha hizo namba mbili. Toa 5,300 kwenye 9,100, zinabaki 3,800. Sasa utoe kabatini ule mkataba mnene, utafute kurasa za ada. Mikataba ya namna hii kwa kawaida huwa na kipindi cha mwanzo, mara nyingi miezi 18 au 24, ambacho malipo yake hununua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko wa uwekezaji, vya aina ya peke yake, vyenye ada kubwa kuliko vingine na visivyotolewa mpaka mkataba uishe. Miezi 18 kwa dola 200 ni dola 3,600. Unaona inavyokaribiana na ile 3,800?

Kinachotokea ni hiki. Mteja akisaini, kampuni humlipa aliyemleta kamisheni yake mapema, na kamisheni hiyo hukokotolewa kwa michango ya mkataba mzima. Kwako wewe michango hiyo ni dola 60,000, ambazo nyingi hujazishika hata kwa ndoto. Baada ya hapo kampuni hujirudishia pesa yake kwa kuvikata vile vipande vya mwanzo kila mwaka, hadi mwaka wa 25. Ukitoka mapema, huchukua kilichobaki kwa mkupuo. Basi hizo 3,800 zina jina lako, ila mwenyewe ni mwingine.

Najua unachofikiria sasa: nikivunja nitapoteza dola 4,300. Hapana, zimeshapotea, na kuendelea kulipa hakuzirudishi. Swali lililobaki ni kama hizo 5,300, pamoja na 200 za kila mwezi kwa miaka 21 ijayo, zitakua vizuri zaidi ndani ya mpango au nje yake. Hilo halijibiwi kwa kukisia. Iandikie kampuni yenyewe, wala usipitie kwa mshauri, na utake majibu kwa maandishi: ada zote kwa mwaka ni asilimia ngapi, za mpango na za mifuko iliyomo ndani yake zikijumlishwa pamoja, je, unaweza kusimamisha michango bila adhabu, je, unaweza kutoa vile vipande vya baadaye na kuviacha vya mwanzo, na kuna bima ya maisha humo au hakuna. Wakikujibu kwa kipeperushi cha rangi, waandikie tena.

Kwa nini nang'ang'ania asilimia? Chukua dola 200 kila mwezi kwa miaka 20, jumla 48,000 kutoka mfukoni mwako. Tuseme soko linakupa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada. Si ahadi, ni mfano tu wa kufanyia hesabu. Ukikatwa asilimia 4 kwa mwaka utamaliza na takriban dola 65,700. Ukikatwa robo ya asilimia moja utamaliza na takriban 101,000. Soko ni lilelile, jasho ni lilelile, na dola 35,000 zimeishia kwa watu ambao hawajawahi kukesha wodini hata usiku mmoja.

Kama ada zako zote zinafika asilimia 3 au 4, mimi kwa miaka 21 iliyobaki ningevunja. Ingekuwa imebaki miaka miwili, ningekwambia vumilia umalize. Lakini usivunje leo kwa hasira kama ndani mna bima ya maisha na kuna watoto au wazazi wanaokutegemea. Nunua kwanza bima ya kawaida ya muda maalumu, ile inayolipa ukifa na isiyojifanya akiba, halafu ndipo uuvunje.

Huyo mshauri asiyepokea simu hashangazi, maana alishalipwa. Uingereza ilipiga marufuku kamisheni za namna hiyo kwa washauri wa uwekezaji kuanzia mwisho wa mwaka 2012, na Falme za Kiarabu nazo zikazibana baadaye. Kwingine ushauri bado unatolewa "bure" hospitalini na kambini. Ukiambiwa ni bure, muulize anayekushauri analipwa na nani na kiasi gani, kisha mwangalie usoni wakati anatafuta maneno.

*Mama Hesabu, pole na kazi. Mimi ni fundi umeme, Sharjah, mwaka wa saba sasa hapa. Mshahara wangu ni dirhamu 5,000. Ninaondoka mwezi ujao na nimejipigia hesabu ya kiinua mgongo nikapata 27,500. Ofisi inasema ni 16,500. Wananidhulumu? Na nikiipata hiyo pesa niiwekeze wapi?*
*Fundi wa Sharjah*

Nimeshapoa. Hesabu yako umeipiga vizuri ila umeanza na namba isiyo yake. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakupa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka saba ni siku 105 na siku 60, jumla 165. Hadi hapo mko pamoja na ofisi. Tofauti iko kwenye neno *msingi*.

Chukua karatasi yako ya mshahara. Utakuta safu: msingi, nyumba, usafiri, mengineyo. Nina uhakika kwenye safu ya msingi pameandikwa 3,000, na zile 2,000 zimegawanywa kwenye posho. Elfu tatu kwa siku 30 ni dirhamu 100 kwa siku. Mara 165 ni 16,500. Wewe umegawa 5,000 nzima. Karatasi za namna hiyo nimeziandaa kwa mamia, na nakwambia hazikupangwa hivyo kwa bahati: kila dirhamu inayohamia kwenye posho ni dirhamu ambayo mwajiri hataikumbuka siku ya kuagana. Kwa hiyo wanaobaki, mkiahidiwa nyongeza ya 500, msishangilie kabla ya kuuliza inaingia safu ipi.

Angalia pia siku za likizo isiyo na malipo. Hizo haziingii kwenye muda wa utumishi, na wenye kurudi nyumbani kwa miezi mitatu mitatu hushtuka hapo. Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba uishe kukulipa haki zako zote.

Nchi jirani zina mizani yake, msichukue hesabu ya mwenzenu wa nchi nyingine mkaenda kugombana nayo ofisini. Saudia ni nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa mitano ya mwanzo na mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka baada ya hapo, lakini ukijiuzulu mwenyewe kabla ya miaka miwili huna kitu, kati ya miwili na mitano unapata theluthi moja, hadi kumi theluthi mbili, ukifika kumi ndipo unapata yote. Kuna mtu anayejiuzulu mwaka wa tisa na miezi kumi na mmoja kwa sababu amegombana na msimamizi! Mwezi huo mmoja uliobaki mnunie mkiwa kazini. Qatar ni angalau wiki tatu za mshahara wa msingi kwa mwaka, na tangu sheria ya 2017 wafanyakazi wa majumbani nao wamo.

Sasa uwekezaji. Kiinua mgongo, fundi wangu, usikiite uwekezaji kabla hakijafika. Kwa wafanyakazi wengi wa Ghuba ni ahadi tu iliyo kwenye vitabu vya mwajiri, haikai kwenye mfuko wowote, haizai, na kampuni ikifilisika unasimama kwenye foleni na wauza saruji. Wachache wameanza kuondokana na hilo: katika eneo la kifedha la DIFC, Dubai, tangu Februari 2020 waajiri huchangia kila mwezi kwenye mfuko halisi wenye jina la mfanyakazi. Kama kampuni yenu ina mpango kama huo na inakuachia uchague mfuko, chagua, maana wengi huacha pesa kwenye kisanduku cha kwanza walichokikuta.

Halafu, una mkopo benki? Benki nyingi huko huzuia akaunti mara zinapoona malipo ya mwisho yameingia na deni lipo. Nenda kazungumze nao kabla ya ofisi haijatuma pesa. Kitakachosalia kiache kwenye akaunti ya kawaida, kikulishe miezi ya kutafuta kazi nyingine. Mtu asiye na mshahara hana haraka ya kununua hisa.

*Dada Hesabu, nadhani mimi nimekuzidi umri. Ni mhandisi wa mitambo melini, sina makazi Marekani na si raia wa huko. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua kwa programu ya simu mfuko wa ETF wa Marekani, yaani kapu la hisa linalonunuliwa sokoni kama hisa moja, unaofuata kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za huko, fahirisi ya S&P 500. Sasa nina dola 74,000. Rafiki yangu anasema nikifa serikali ya Marekani itachukua nusu. Ni stori za bandarini au kweli?*
*Mhandisi, baharini*

Kaka Mhandisi, shikamoo basi. Nusu si kweli, lakini rafiki yako hajatunga yote.

Marekani hutoza kodi ya mirathi kwa mali iliyo kwake, hata kama marehemu hakuwahi kukanyaga huko, na hisa za kampuni au mfuko uliosajiliwa Marekani huhesabika kuwa ziko kwake popote ilipo programu yako. Raia wake wana msamaha mkubwa sana. Mgeni asiye na makazi ya kudumu huko anasamehewa dola 60,000 tu za kwanza, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba maalumu nao. Zaidi ya hapo viwango vinapanda mpaka asilimia 40. Kwa mfuko wako wa 74,000, iliyovuka ni 14,000, na ngazi hiyo hutozwa asilimia 26: takriban dola 3,640. Inauma, haiui.

Kinachoniogopesha zaidi ni karatasi. Akaunti hufungwa. Familia inatakiwa kujaza marejesho ya kodi ya mirathi kwa mamlaka ya Marekani ndani ya miezi tisa, kisha isubiri cheti cha kuruhusu mali ihamishwe. Mke wako atafanya hayo kwa Kiingereza cha wanasheria, akiwa eda, kwa akaunti ambayo pengine hata haijui. Anaijua?

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Fahirisi ileile ya S&P 500, au ile pana zaidi ya dunia nzima, inafuatwa pia na mifuko iliyosajiliwa Ireland. Huna haja ya kusoma waraka mzima kuitambua. Kila mfuko una namba ya utambulisho, ISIN, na herufi zake mbili za mwanzo ni nchi ulikosajiliwa. Fungua programu yako sasa, bonyeza jina la mfuko, shuka chini kwenye maelezo. Ukiona US ndiyo hiyo tunayoizungumzia, ukiona IE ni Ireland. Mfuko wa Ireland hauhesabiki kuwa mali iliyoko Marekani, na Ireland nayo haimtozi kodi hiyo mwekezaji asiyeishi kwake na ambaye hana uhusiano mwingine na nchi hiyo.

Kuna faida ya pili. Gawio la hisa za Marekani likikujia moja kwa moja hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kama nchi yako haina mkataba nao. Likipitia mfuko wa Ireland, mfuko hukatwa asilimia 15 kwa sababu ya mkataba wa nchi hizo mbili. Tena ipo mifuko ya Ireland ambayo haikutumii gawio, inalirudisha ndani likanunue hisa zaidi. Kwa mtu wa baharini ambaye mtandao humjia kwa zamu, hiyo ndiyo ningechagua.

Kabla ya kuuza ule wa zamani ununue mpya, angalia nchi unayohesabiwa kuwa mkazi wake kwa kodi inataka nini kwenye faida ya kuuza. Marekani kwa kawaida haimtozi mgeni faida ya kuuza hisa, lakini nchi yako inaweza kutoza. Na usidhani haitajua: zaidi ya nchi mia sasa hupeana taarifa za akaunti za kifedha kila mwaka.

Kisha andika karatasi moja. Jina la programu, namba ya akaunti, barua pepe iliyofungulia, mahali wasia ulipo. Usiandike nywila. Mpe mtu utakayemrithisha, na nakala kwa mtu asiyerithi kitu.

*Shikamoo Mama. Nahudumia wazee Japani, nimechangia pensheni yao miaka tisa bila kukatika. Mwakani narudi moja kwa moja. Wenzangu wote walioondoka walichukua pesa yao ya pensheni kwa mkupuo. Nami naijaza hiyo fomu?*
*Binti wa Osaka*

Marahaba. Weka kalamu chini.

Pesa ya mkupuo wanayopewa wageni wanaoondoka Japani hukokotolewa kwa kiwango cha mwisho cha miezi 60. Wewe una miezi 108. Ukijaza fomu utalipwa kwa hesabu ya miezi 60 na rekodi yote ya 108 itafutwa. Miezi 48 unaitoa sadaka. Wenzako waliokaa miaka mitatu walifanya jambo la busara kabisa kuichukua. Wewe uko kwingine.

Tangu Agosti 2017 Japani inatoa pensheni ya uzeeni kwa aliyetimiza miaka 10 ya michango. Zamani ilikuwa 25. Umebakiza mwaka mmoja. Ukiweza kusogeza safari yako mpaka utimize miezi 120, utakuwa na haki ya kulipwa pensheni kuanzia miaka 65 mpaka mwisho wa uhai wako, popote utakapokuwa ukiishi. Haitakuwa pesa nyingi, kwa kuwa ni ya miaka 10 na si 40. Lakini mfuko mwingine wa kukulipa mpaka kufa, ambao bei yake ni mwaka mmoja wa kazi unayoijua tayari, sijauona ukitangazwa popote. Ukifika 10 ile ya mkupuo haitapatikana tena, kwa hiyo amua ukijua.

Na ikiwa huwezi kukaa, labda mzazi anaumwa au mkataba umekwisha, ombi la mkupuo lazima lifike ndani ya miaka miwili baada ya kuondoka Japani. Watakata kodi ya asilimia 20.42, na inaweza kudaiwa irudi kupitia mtu utakayemteua huko kushughulikia kodi zako. Mteue kabla ya kupanda ndege. Kabla ya yote, nenda ofisi ya pensheni na kitambulisho, omba rekodi yako ichapishwe uhesabu miezi mwenyewe. Nimewahi kuona mtu aliyeapa ana miaka kumi, karatasi ikasema ana tisa na nusu, kwa sababu alipobadilisha mwajiri kulikuwa na pengo.

Mlioko kwingine nanyi ulizeni. Uingereza inataka angalau miaka 10 ya michango ili upate chochote cha pensheni ya serikali. Ujerumani mtu wa nje ya Ulaya aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kurudishiwa, ila ni sehemu yake tu, ya mwajiri inabaki, na anasubiri miezi 24 baada ya kuondoka.

*Nina dola 15,000 benki, mwaka wa tatu huu nasubiri soko la hisa lishuke ndipo niingie. Lishuke lini?*
*Msubiri*

Lilishashuka, ukiwa unasubiri au kabla yake, na halikukutumia ujumbe. Mwaka 2020 fahirisi ya S&P 500 iliporomoka kwa karibu theluthi moja kati ya Februari 19 na Machi 23, na kufikia Agosti ilikuwa imerudi ilikotoka. Waliosubiri ishuke zaidi wakakuta imeshapanda.

Kama pesa hiyo unaihitaji ndani ya miaka mitano, ubaki hapohapo benki na uache kuiwazia soko. Kama ni ya miaka 15, igawe mafungu ya mwezi, weka agizo la kudumu ili benki ihamishe yenyewe tarehe ya mshahara, na ununue dunia nzima badala ya nchi moja. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa 1989 na haikukivuka tena mpaka Februari 2024. Aliyeweka vyote pale akiwa na miaka 35 alikaribia 70 ndipo namba ikarudi.

*Mama Hesabu, mimi na mume wangu tunafanya kazi Dubai. Yeye anataka kila dirhamu iende kwenye viwanja nchini kwetu, mimi nataka mifuko ya hisa. Tumefika mahali pa kutosemeshana. Nani yuko sahihi?*
*Mke mwenye kinyongo*

Mwambie mumeo nimemsalimia, na nimempa nusu ya haki.

Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, kwa 3.6725, kwa hiyo ninyi wawili mnalipwa dola zilizobadilishwa jina. Kama mtazeekea kwenu, matumizi yenu ya uzeeni yatakuwa kwa pesa ya kwenu, na kuwa na sehemu ya mali huko ni jambo la akili. Hapo mumeo yuko sawa. Lakini kila dirhamu? Kiwanja hakiuzwi robo. Siku mtakapohitaji pesa ya hospitali mtauza chote, kwa bei ya mtu mwenye haraka, mkiwa mbali na mnunuzi. Mifuko ya hisa mnauza kipande mnachokihitaji, na pesa inaingia ndani ya siku chache.

Ningekuwa ninyi, kwanza ningetenga matumizi ya miezi sita kwa dola, kwa majina yenu wote wawili kama benki inaruhusu, na kila mmoja awe na akaunti yake pia, kwa sababu akaunti ya marehemu huko huzuiwa. Kisha kiwanja kimoja, hati ikaguliwe na wakili mliyemlipa ninyi badala ya wakili wa muuzaji, na jina la mke liwemo. Kama ndugu atasimamia ununuzi, nguvu ya kisheria mtakayompa itaje kiwanja hicho tu na iwe na tarehe ya kwisha. Baada ya hapo mafungu ya kila mwezi yaende kwenye mifuko.

Hukuniambia watoto wana umri gani wala mnapanga kurudi mwaka gani, na bila hayo siwezi kukutajia mgawanyo wa asilimia. Kaeni wote wawili, kila mmoja aandike mwaka wake wa kurudi kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake, kisha mnitumie zote mbili. Nina wasiwasi hazifanani.